Rais, Bunge na mwananchi wa Litumbandyosi: Nani ana madaraka gani kikatiba?

LITUMBANDYOSI ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Mkulima wa huko huenda asione sababu ya kujisumbua na ibara za Katiba, maana Dodoma ni mbali na Washington ni mbali zaidi. Lakini ardhi anayoilima, wilaya anayohesabiwa ndani yake, mapori ya hifadhi yanayopakana na vijiji vya mkoa wake, makaa ya mawe yaliyo chini ya udongo wa Mbinga na maji ya Ziwa Nyasa yaliyo upande wa magharibi, vyote vimo katika mikono miwili: wa Rais na wa Bunge. Swali ni mkono upi umeshika nini.

Swali hilo mara nyingi hujibiwa kwa mkato. Watu husikia kwamba Kongresi ya Marekani imemnyima Rais fedha, au kwamba Seneti imemkataa mtu aliyemteua kuwa waziri, kisha hushangaa kwa nini Bunge la Dodoma halifanyi vivyo hivyo. Wengine huhitimisha kwamba Bunge letu ni kibogoyo. Ukisoma Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 utaona kwamba jambo si jepesi kiasi hicho. Bunge lina meno, na mengine ni makali kuliko ya Kongresi. Tatizo ni kwamba mengi ya meno hayo yamewekwa mahali ambapo anayeuma naye huumia.

Makala haya yanaeleza madaraka hayo moja baada ya jingine, yakilinganisha utaratibu wetu na ule wa Marekani, na kuonyesha yanapomgusa mkazi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa.

Misingi miwili tofauti

Katiba ya Marekani iliandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787 na watu waliotoka kupigana na mfalme. Hofu yao kubwa ilikuwa kuona madaraka yote yakirudi mikononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo waliyatenganisha: ibara ya kwanza inahusu Kongresi, ya pili inahusu Rais na ya tatu inahusu mahakama. Kongresi ina Baraza la Wawakilishi, ambalo sasa lina wajumbe 435, na Seneti yenye wajumbe 100, wawili kutoka kila jimbo. Rais si sehemu ya Kongresi, hawezi kuivunja, na waziri wake haruhusiwi kuwa mjumbe wake.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilirithi utaratibu wa Uingereza, ambamo Waziri Mkuu huongoza Serikali akiwa ndani ya Bunge. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri, na kazi ya mkuu wa nchi ikaunganishwa na ya kiongozi wa Serikali katika kiti kimoja cha Rais. Yakafuata Muungano wa 1964, mfumo wa chama kimoja kisheria mwaka 1965, Katiba ya kudumu ya 1977, mabadiliko makubwa ya 1984 na hatimaye vyama vingi mwaka 1992.

Matokeo yake ni mchanganyiko. Rais wetu huchaguliwa moja kwa moja na wananchi na ana nguvu zake mwenyewe, lakini mawaziri wake huketi bungeni kama ilivyo Uingereza. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Yaani kwa lugha ya Katiba, Rais wa Tanzania si jirani wa Bunge. Anaishi katika nyumba hiyo hiyo.

Ibara ya 33 inamfanya Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Kwa upande mwingine, Ibara ya 63 inaitaja sehemu ya pili ya Bunge, yaani Wabunge, kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Maneno mawili hayo, kusimamia na kushauri, hayana uzito sawa. Ushauri unaweza kuachwa. Usimamizi, ukifanywa ipasavyo, hauwezi kupuuzwa bila gharama.

Ardhi, wilaya na hifadhi

Tuanze na ardhi, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza kwa mtu wa kijijini. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema ardhi yote ya nchi ni mali ya umma na imekabidhiwa kwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya aina nyingine kwa manufaa ya umma. Hata hivyo sheria imeweka hatua. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano huo.

Msomaji azingatie kwamba madaraka hayo ya Rais juu ya ardhi yametolewa na sheria iliyotungwa na Bunge. Kilichotolewa na sheria kinaweza kupunguzwa na sheria. Hapo Bunge halihitaji kubadili Katiba ili kumlinda mwanakijiji zaidi. Linahitaji muswada na wingi wa kawaida wa kura.

Mipaka ya wilaya ni jambo jingine. Ibara ya 2 inampa Rais uwezo wa kuigawa Jamhuri ya Muungano katika mikoa, wilaya na maeneo mengine, kwa kufuata utaratibu wa sheria. Katika mgawanyo wa mwaka 2012, wakati wa utawala wa Rais Jakaya Kikwete, ndipo ilipozaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Katika mgawanyo huo huo, eneo la mwambao lilimegwa kutoka Mbinga na kuwa Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay. Mbinga, iliyokuwa ikiteremka hadi ziwani, ikabaki ya milimani na bondeni. Wabunge hawakuhitajika kupiga kura kuamua jambo hilo.

Majimbo ya uchaguzi nayo hayakatwi na Bunge. Ibara ya 75 inaipa Tume ya Uchaguzi kazi hiyo, kwa kibali cha Rais. Ndivyo ilivyokuwa kwamba majimbo ya Mbinga Mashariki na Mbinga Magharibi yalipotoweka, wananchi walipiga kura mwaka 2015 katika majimbo ya Mbinga Mjini, Mbinga Vijijini na Nyasa. Nchini Marekani mipaka ya majimbo ya uchaguzi wa Kongresi huchorwa na mabunge ya majimbo au tume zao, na Rais hana sauti ya kisheria katika kazi hiyo.

Kuhusu hifadhi, sheria zetu zinaonyesha vizuri tofauti kati ya Rais anayeamua peke yake na Rais anayehitaji Bunge. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Rais anaweza kutangaza eneo kuwa pori la akiba baada ya kushauriana na mamlaka za mitaa zinazohusika. Mkoa wa Ruvuma una mapori ya aina hiyo, likiwamo Liparamba lililo karibu na mpaka wa Msumbiji. Lakini eneo likitakiwa kuwa hifadhi ya taifa, sheria inadai ridhaa ya Bunge. Ndiyo maana mwaka 2019, sehemu ya Pori la Akiba la Selous ilipogeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, jambo hilo lilipita bungeni kwanza. Kwa mwanakijiji anayepakana na pori, tofauti hiyo si ya maneno. Katika hali ya kwanza mlango wa kubisha ni halmashauri yake. Katika hali ya pili mbunge wake ana kura.

Kutunga sheria

Nchini Marekani muswada hupita katika mabaraza yote mawili, kisha hupelekwa kwa Rais. Anazo siku 10, bila kuhesabu Jumapili, za kuutia saini au kuurudisha. Akitumia turufu yake na kuukataa, Kongresi inaweza kumshinda kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza, na muswada ukawa sheria hata kama Rais hautaki. Hilo si rahisi: tangu 1789 Kongresi imefanikiwa chini ya mara moja katika kila turufu 20. Lakini ikifanikiwa, hakuna anayepoteza kiti chake kwa sababu hiyo.

Kwetu utaratibu umeelezwa katika Ibara ya 97. Rais akikataa kuukubali muswada, huurudisha bungeni pamoja na sababu zake. Muswada huo haurudishwi tena kwake kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa ukiungwa mkono na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudishwa kwa nguvu hiyo, Rais anapewa siku 21. Ndani ya siku hizo aukubali, ama sivyo itabidi alivunje Bunge.

Watu wengi huishia hapo na kusema: mbunge atakayempinga Rais atarudi nyumbani. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Ibara ya 38 inasema Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi na uchaguzi wa Rais unafanyika. Yaani katika ugomvi huo hakuna anayebaki ndani ya nyumba akimfungia mwenzake nje. Wote wawili hutoka na kwenda kwa wananchi kuomba upya. Waliotunga masharti hayo walifanya mgogoro mkubwa kati ya mihimili hiyo miwili uamuliwe na mpiga kura.

Mfuko wa fedha

Nguvu kuu ya Kongresi ni mkoba. Hakuna senti inayotoka hazina ya Marekani bila sheria ya Kongresi, na miswada ya mapato huanzia katika Baraza la Wawakilishi. Rais na Kongresi wasipoelewana, ofisi nyingi za serikali hufungwa na watumishi hukaa bila mishahara. Ilitokea kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, na kwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025.

Tanzania haijawahi kuona ofisi zikifungwa kwa sababu hiyo. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kodi au matumizi ya fedha za Serikali yasiyoletwa na Rais kupitia kwa Waziri. Mbunge wa Mbinga Vijijini hawezi kusimama na kuingiza katika bajeti fedha za barabara ya kwenda Litumbandyosi. Anaweza kuhoji, kushawishi, kudai maelezo na kukataa kuunga mkono kifungu. Na Bunge likikataa bajeti nzima, Ibara ya 90 inaitaja hali hiyo kuwa mojawapo ya sababu zinazomruhusu Rais kulivunja.

Baada ya fedha kutumika ndipo nguvu ya Bunge inapoonekana zaidi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huteuliwa na Rais na humkabidhi Rais taarifa yake ya mwaka, lakini Katiba inataka taarifa hiyo iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu siku ya kwanza ya kikao kinachofuata. Kamati ya Hesabu za Serikali huchambua matumizi ya wizara, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi wa halmashauri, ikiwamo ya Mbinga. Zahanati iliyolipiwa lakini haikuezekwa ina nafasi ya kuonekana humo.

Mawaziri na Waziri Mkuu

Mteule wa uwaziri nchini Marekani hufika mbele ya Seneti, huulizwa maswali hadharani na kupigiwa kura. Mwaka 1989 Seneti ilimkataa John Tower, aliyeteuliwa na Rais George H. W. Bush kuwa Waziri wa Ulinzi, kwa kura 53 dhidi ya 47. Kenya nayo, kwa Katiba yake ya 2010, iliwatoa mawaziri bungeni na kutaka wateule waidhinishwe na Bunge la Taifa.

Kwetu Rais huteua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, na uteuzi huo hauhitaji kura ya Bunge. Kinachohitaji kura ni uteuzi wa Waziri Mkuu, kwa Ibara ya 51, na uteuzi wa Makamu wa Rais pale kiti kinapokuwa wazi katikati ya kipindi. Machi 2021, baada ya kifo cha Rais John Magufuli na kuapishwa kwa Rais Samia Suluhu Hassan, jina la Dk. Philip Mpango lilipelekwa bungeni na kuthibitishwa. Novemba 2025 ilikuwa zamu ya Dk. Mwigulu Nchemba kuthibitishwa kuwa Waziri Mkuu.

Utaratibu huu umefika hadi mwambao wa Nyasa. Mhandisi Stella Manyanya, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Nyasa mwaka 2015, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Elimu na baadaye Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara. Kabla ya hapo alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Rukwa, wadhifa ambao nao hutolewa na Rais. Katiba inaruhusu hivyo, na wananchi wengi hufurahi mbunge wao anapoteuliwa, wakiamini amesogea karibu na chungu. Lakini mbunge akishakuwa waziri, hawezi tena kusimama na kuihoji Serikali ambayo yeye ni sehemu yake. Jimbo hupata mtu ndani ya Serikali, na kwa muda huo Bunge hupungukiwa na mtu wa kuisimamia.

Vita na mpaka wa ziwa

Kwa wakazi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, madaraka ya vita na mikataba si somo la darasani. Malawi inadai ziwa lote hadi ufukwe wa Tanzania, ikitegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya kimataifa kwa nchi zinazopakana na ziwa. Mgogoro huo ulijitokeza mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi za Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kamuzu Banda. Ukaibuka tena mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa kibali cha kutafuta mafuta na gesi ziwani. Agosti mwaka huo aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, alitoa kauli ya Serikali bungeni akitaka utafutaji huo usimame. Baadaye jopo la marais wastaafu lililoongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji lilikabidhiwa usuluhishi.

Katika siku kama zile, nani angeweza kuiingiza nchi vitani? Jibu limo katika Ibara ya 44: Rais. Anaweza kutangaza kuwapo kwa hali ya vita, kisha nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, ambaye ndani ya siku 14 huitisha Bunge ili lifikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kuliunga mkono. Bunge huja nyuma ya tangazo, halitangulii.

Katiba ya Marekani inasema kinyume: Kongresi ndiyo hutangaza vita. Lakini mwenendo wa mambo umekuwa tofauti na maandishi. Mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita rasmi ilikuwa mwaka 1942. Tangu hapo marais wamepeleka majeshi Korea, Vietnam na kwingineko bila tangazo hilo. Mwaka 1973 Kongresi, ikiishinda turufu ya Rais Richard Nixon, ilipitisha azimio la kumtaka Rais aiarifu ndani ya saa 48 na kuondoa majeshi ndani ya siku 60 asipopata idhini. Marais waliofuata wamelitii kwa shingo upande. Hapo msomaji ajifunze kwamba madaraka ya bunge yaliyoandikwa tu, bila bunge lililo tayari kuyatumia, hunyauka.

Amani nayo ina utaratibu wake. Kwa Ibara ya 63, Bunge hujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Mkataba wa mpaka wa Ziwa Nyasa ukifikiwa na ukawa na sharti hilo, utapita bungeni, na mvuvi wa usipa wa Liuli atakuwa na haki ya kumuuliza mbunge wake amepigaje kura. Seneti ya Marekani huridhia mikataba kwa theluthi mbili, na ndiyo iliyoukataa Mkataba wa Versailles baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ingawa Rais Woodrow Wilson mwenyewe alishiriki kuutayarisha.

Mfano wetu wa karibu ni wa Juni 10, 2023, Bunge liliporidhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari. Mjadala wa nchi ulijikita Dar es Salaam, lakini makubaliano yale yalizitaja bandari za bahari na za maziwa pia. Mtu wa Mbamba Bay alikuwa na sababu ya kuyasoma sawa na mtu wa Kurasini.

Makaa ya mawe na mikataba ya madini

Wilaya ya Mbinga ina makaa ya mawe ya Ngaka, katika kata ya Ruanda, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011 na kampuni ya ubia ambamo Shirika la Maendeleo la Taifa lina hisa. Kama ilivyo kwa ardhi, sheria inasema madini yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais.

Kwa miaka mingi mikataba ya madini ilitiwa saini na Serikali bila wabunge kuiona. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria mbili kuhusu utajiri na maliasilia za nchi, mojawapo ikilipa Bunge uwezo wa kupitia mikataba na kuielekeza Serikali ijadiliane upya pale penye masharti hasi. Ni madaraka mapana, ambayo Kongresi ya Marekani haina kwa sura hiyo. Sheria hizo zililetwa kwa hati ya dharura na Serikali yenyewe, wakati wa Rais Magufuli. Kalamu ilikuwa ya Ikulu, lakini silaha iliyotengenezwa ilikabidhiwa Bunge, nayo ipo hadi leo kwa atakayetaka kuitumia.

Kumwondoa kiongozi

Nchini Marekani Baraza la Wawakilishi humshtaki Rais kwa wingi wa kawaida, na Seneti humhukumu kwa theluthi mbili. Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998 na Donald Trump mara mbili, 2019 na 2021, walishtakiwa, na wote Seneti haikuwatia hatiani. Nixon alijiuzulu Agosti 1974 kabla ya kufikishwa huko.

Kwetu Ibara ya 46A inaruhusu Bunge kumwondoa Rais madarakani. Hoja lazima itiwe saini na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote na ikabidhiwe kwa Spika siku 30 kabla. Ikiungwa mkono na theluthi mbili, huundwa Kamati Maalumu ya Uchunguzi yenye Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Muungano, Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe saba. Baada ya taarifa yake, theluthi mbili nyingine ndiyo humwondoa. Bunge la 12 lilikuwa na viti 393. Saini zilizohitajika ni 79 na kura 262. Hakuna Rais wa Tanzania aliyewahi kufikia hatua hiyo.

Waziri Mkuu ni rahisi zaidi. Ibara ya 53A inataka asilimia 20 ya saini, kisha wingi wa kawaida wa wabunge wote. Hata hapa nguvu ya Bunge imeonekana bila kura kupigwa. Februari 2008 Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa ya zabuni ya umeme wa dharura ya Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, wakajiuzulu. Mwaka 2012 Zitto Kabwe alianza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Hoja haikufika kwenye kura, lakini mwezi uliofuata Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri. Uchunguzi na mjadala wa wazi vilifanya kazi ambayo kura haikuifanya.

Mtu wa tatu chumbani

Kama Bunge lina silaha zote hizo, kwa nini huonekana limenyamaza? Jibu halimo katika ibara zinazomhusu Rais. Limo katika Ibara ya 67 na ya 71. Hakuna awezaye kugombea ubunge bila kupendekezwa na chama cha siasa, na mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, hupoteza ubunge. Chama kikimfukuza uanachama, kimemfukuza bungeni. Na kwa desturi ya chama tawala, mwenyekiti wake ndiye Rais.

Linganisha na Marekani. Mwaka 2001 Seneta Jim Jeffords wa Vermont alikihama chama cha Republican, akabaki na kiti chake, na Seneti nzima ikabadilika mikono. Kwetu hatua kama hiyo ingekuwa mwisho wa ubunge wake. Januari 2022 Spika Job Ndugai alijiuzulu siku chache baada ya kauli yake juu ya mikopo ya Serikali kukosolewa hadharani na Rais, ingawa alikuwa ameomba radhi. Hakuna ibara ya Katiba iliyomlazimisha kuondoka.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ililiona tatizo hilo. Rasimu zake za mwaka 2013 zilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge na matokeo ya urais yaweze kuhojiwa mahakamani, jambo ambalo Ibara ya 41 ya Katiba ya 1977 inalikataza. Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, kisha ikaahirishwa. Katiba ya 1977 ndiyo inayoendelea kutawala.

Mlango wa kubisha

Mwananchi wa Litumbandyosi afanye nini na maelezo haya? Kwanza, ajue jambo lake liko upande gani. Mipaka ya wilaya, pori la akiba na uteuzi wa mkuu wa wilaya viko kwa Rais. Hifadhi ya taifa, sheria ya ardhi, mikataba ya kimataifa na hesabu za halmashauri vina mlango bungeni. Pili, asimlaumu mbunge kwa barabara asiyokuwa na uwezo wa kuiandika katika bajeti, lakini amdai swali ambalo hakuuliza na kura ambayo hakuieleza.

Tatu, akumbuke kwamba kura za maoni ndani ya vyama, mahali ambapo majina ya wagombea huanza kupatikana, zina uzito sawa na siku ya uchaguzi wenyewe. Mbunge humcha zaidi yule anayeweza kumnyima kiti. Ilimradi tiketi inatoka juu, macho yake yataelekea juu. Siku itakapotoka Mbinga, yatageukia Mbinga.